Somo: "Subiri" isiyoonekana na kadi 300 za leso

Duka moja la Biashara Street lilitaka leso 300 kwenye ukurasa mmoja wa wavuti, kila moja na kadi yake, na jina lisomeke kwa mstari mmoja. "Mgeni njoo mwenyeji apone" haliingii kwenye kadi ya simu mpaka upunguze herufi, kwa hiyo kila jina lazima lipimwe. Nikaandika kipengele changu cha HTML, `<kadi-leso>`. Ukibonyeza "Leso mpya", simu yaganda, na neno "Subiri" latokea kazi ishakwisha!

Kivinjari kinatumia uzi uleule (thread, njia ya kufanya jambo moja kwa wakati) kuendesha msimbo wako na kuandaa skrini. Kwenye skrini ya 60 Hz una kama milisekunde 16.7 kwa kila fremu, yaani kila mchoro mmoja wa skrini.

1. Usipime ndani ya `connectedCallback`, inayoitwa kadi ikiingizwa ukurasani. Hapo kadi imebandikwa tu, haijachorwa. Onyesha "Subiri", basi.

2. Promise, ahadi ya JavaScript ya jibu la baadaye, haikusaidii. Mimi nilitia upimaji ndani ya `then`, inayoendeshwa ahadi ikitimia, nikajiona nimeahirisha. Wapi! Foleni ya kazi za Promise humalizwa yote kabla kivinjari hakijapata nafasi ya kuchora.

3. `requestAnimationFrame`, inayokiomba kivinjari kiendeshe kazi yako kwenye fremu ijayo, nayo huitwa kabla ya kuchora, si baada. Basi tia ndani yake `setTimeout`, inayoahirisha kazi mpaka zamu ya baadaye:

`requestAnimationFrame(() => setTimeout(() => this.pima()))`

Fremu yenye "Subiri" inatoka, ndipo kazi inaanza.

4. Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kadi ikisoma `scrollWidth` (upana wa yaliyomo ndani yake), ikabadili fonti, kisha jirani yake naye akasoma, kivinjari kinalazimika kupanga ukurasa upya papo hapo. Mara 300. Kadi isijipime; mzazi, `<rafu-leso>`, asome upana wa zote kwanza, kisha aandike fonti zote.

5. Kwenye `disconnectedCallback`, inayoitwa kadi ikiondolewa ukurasani, futa ulichopanga.

Maswali

*Maalim, natumia Lit, maktaba ya kuandikia vipengele, na nangoja `updateComplete` yake. Mbona bado inaganda?*
Hiyo ni Promise vilevile. Yakwambia DOM (muundo wa ukurasa) imebadilika, haikwambii mteja ameona kitu. Rudi hatua ya 3.

*Kwa nini si `requestIdleCallback`?*
Hungoja kivinjari kipumzike, na mteja yuko dirishani anangoja. Safari nayo ilikaa miaka bila kuiwasha. Mimi huiachia kazi ndogondogo, kama kutayarisha picha za chini, na njia mbadala pembeni.

*Mteja akihamia WhatsApp katikati?*
Ukurasa ukifichwa, `requestAnimationFrame` husimama mpaka arudi. Kwa kupima fonti si neno. Kutuma oda usikutie humo kabisa.