SOMO: Namna ya kuwapata wanamuziki wa laivu wasio na jina Arusha na Moshi, na kuwashika mkono

Wakuu, habari za jioni. Kila mara nasikia mtu akisema Arusha hakuna muziki wa laivu, zaidi ya wasanii wakubwa wanaokuja mara moja kwa mwaka. Muziki upo. Ijumaa usiku, kuanzia Kijenge hadi Sakina, kuna watu wanapiga magitaa, ila hawana bango barabarani wala wimbo redioni. Wengi wao wanaacha muziki wakiwa na vipaji vyao kamili, kwa sababu tu miezi inapita hakuna anayekuja kuwasikiliza.

Na mji huu una historia. Ndugu Wilson na George Kinyonga, kabla ya kuvuka kwenda Mombasa na kuunda bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971, walikuwa hapa wakipiga na bendi ya Arusha Jazz. Miaka ya baadaye kundi la hapa la X Plastaz wakachanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, kisha likaja kundi la hip hop la Weusi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na jina.

Hatua ya 1: Muulize fundi mitambo wa muziki

Usianzie Instagram. Bendi nyingi ndogo hazina ukurasa, au wanao lakini umelala tangu mwaka juzi. Tafuta wanaokodisha spika na mixer. Fundi mitambo anajua nani anapiga wapi Alhamisi, bendi gani imebadilisha mpiga solo, na baa ipi inachelewesha malipo. Nenda dukani kwake mchana, nunua hata waya, muulize.

Baada yake, waulize ma-MC na watu wa kamati za harusi. Usisahau kwaya: mpiga kinanda unayemsikia ibada ya kwanza Jumapili, mara nyingi ndiye aliyekuwa ukumbini Jumamosi usiku. Upande wa Moshi kuna wapiga matarumbeta wanaoongoza misafara ya maharusi. Watu huwaona kama kelele za barabarani, lakini humo kuna vijana wanaojua kupanga sauti vizuri kuliko wengi walioko studio.

Kwa maeneo, anza na Via Via pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani, ambapo bendi zimekuwa zikipiga kwa miaka mingi, na fuatilia matangazo ya Alliance Française. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, njia ya kwenda Usa River, kinafundisha muziki, kwa hiyo kuna wanafunzi wanaotafuta mahali pa kupiga. Imbaseni, nje ya mji, kuna kituo cha jamii cha UAACC (United African Alliance Community Center), kilichoanzishwa na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, ambacho kimelea vijana wengi wa sanaa.

Hatua ya 2: Angalia ratiba ya mpira kabla ya kutoka

Hili linawaangusha wengi. Ukienda siku ya Simba na Yanga, au Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, utakuta bendi imeshaweka vyombo tayari na imekaa pembeni ikisubiri mechi iishe. Mechi ikiisha, nusu ya watu wanaondoka na hasira zao. Chagua siku isiyo na mechi kubwa, na ufike mapema.

Hatua ya 3: Omba wimbo wao wenyewe

Bendi za baa hupiga kopi, yaani nyimbo za wasanii wengine, kwa sababu ndicho mwenye baa anachotaka. Karibu kila bendi ina nyimbo zake tatu nne ilizozificha. Wakipumzika, mfuate kiongozi, msalimie, mwambie: "Kaka, mmepiga vizuri sana. Mna wimbo wenu? Tunaomba mtupigie." Utaona wanavyotazamana. Nilimwona mpiga besi mmoja wa makamo, aliyekuwa amepiga usiku mzima akiangalia sakafu, akiinua kichwa na kusogea kwenye maiki baada ya ombi kama hilo. Wimbo ulikuwa wake, na ndio uliokuwa mzuri kuliko yote ya usiku ule.

Wimbo ukiisha, uliza jina lake. Wiki ijayo uombe kwa jina hilo.

Hatua ya 4: Hakikisha pesa inafika mkononi

Hapa naomba tuelewane vizuri. Bia unayonunua ni ya mwenye baa. Pale penye "kiingilio kinywaji chako", bendi inategemea makubaliano yake na mwenye eneo tu. Tuseme wamekubaliana laki moja na nusu, na wako sita. Toa elfu hamsini ya spika na usafiri wa vyombo. Wanabaki na laki moja, yaani kila mtu hafikishi hata elfu kumi na saba, na bado hajapanda bodaboda kurudi Ngarenaro.

Kwa hiyo tunza. Kumtunza msanii ni desturi yetu tangu enzi za taarabu na dansi, usione aibu kusimama na noti yako. Ila angalia unampa nani. Wengi humbandika mwimbaji, na mpiga drums aliye nyuma hapati kitu. Kama kuna ndoo au kapu mbele ya jukwaa, weka humo. Kama hakuna, mpe kiongozi na useme kwa sauti kwamba ni ya bendi nzima. Huna keshi? Omba namba ya kiongozi umtumie, na uongeze ya kutolea.

Hatua ya 5: Video

Omba ruhusa. Rekodi wimbo mmoja, si shoo nzima. Unapoweka status, andika jina la bendi, siku wanayopiga na mahali. Wakikuambia wimbo bado haujatoka, usiurushe.

Hatua ya 6: Njoo masika

Desemba msanii wa Moshi hakuhitaji. Wachaga wamerudi nyumbani, kila kijiji kina harusi, ubarikio na sherehe. Wakati wa Kilimanjaro Marathon mji umejaa. Njaa inaanza Machi. Mvua zinafukuza watu kwenye baa za wazi, watalii wanapungua hadi Juni, na Kwaresma inasimamisha harusi kwenye makanisa mengi. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia karibu na hapo. Ndiyo miezi ambayo gitaa linauzwa. Kama una uwezo wa kutoka mara chache tu kwa mwaka, zitunze kwa ajili ya Machi hadi Mei, vaa koti, njoo na wenzako wawili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Pasua: *Mkuu, mimi sinywi pombe. Nikikaa na soda moja usiku mzima si watanifukuza?*

Hawakufukuzi. Agiza mtori au ndizi nyama, na umwambie mhudumu umefuata bendi. Maneno hayo yanamfikia mwenye baa, na ndiyo yanayomfanya aiite tena.

Dada wa Njiro: *Napenda sana, lakini kurudi usiku kwa mwanamke ni mtihani.*

Ni kweli dada, na usilazimishe. Anza na maonyesho ya Jumapili alasiri, kuna maeneo yanaanza saa kumi na kumaliza mapema. Nenda na wenzako, mkubaliane na dereva wa bajaji mnayemfahamu kabla hamjatoka nyumbani.

Mwenye baa, Usa River: *Nataka niweke bendi kila wiki. Nifanyeje nisipate hasara?*

Hongera, mzee wangu. Chagua siku moja na usiibadilishe, maana watu wanahitaji wiki kadhaa kuzoea. Malipo yawe ya kiasi maalumu, usiwaachie pesa za mlangoni tu, na walipwe usiku uleule. Wape chakula kabla ya kupanda jukwaani. Upande wa vibali anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Spika zielekeze ndani, maana majirani wakilalamika utaonana na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Na kila wiki waachie nusu saa ya nyimbo zao.

Mjumbe wa kamati ya harusi: *Kukodi bendi ndogo kwenye harusi kunahesabika?*

Sana. Toeni kianzio mapema, na orodha ya nyimbo wiki mbili kabla, wapate kufanya mazoezi.

Shangazi wa Kiboriloni: *Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha nne, anapiga gitaa vizuri. Aanzie wapi?*

Shikamoo shangazi. Aanzie kwaya, atajifunza kupiga na wenzake na kushika muda. Kisha mpeleke mwenyewe kwa bendi saa kumi na moja jioni, wakati wanapima sauti. Awasaidie kuvuta nyaya, aombe kupiga nao wimbo mmoja kabla wateja hawajafika. Saa moja mrudi naye nyumbani. Za usiku atazipata akimaliza mtihani.