Kila mtu na folda yake: kupanga akaunti kwenye NAS

NAS ni kifaa kinachohifadhi faili za watu wengi kupitia mtandao. Nyingi ninazoitwa kuziangalia, diski zake ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba watu wote wanaingia kwa akaunti moja, tena mara nyingi ile ya msimamizi. Faili ikifutwa, haijulikani nani kaifuta. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta moja, kinaharibu kazi za wote, kwa sababu kompyuta ile ina ruhusa ya kufika kila mahali. Hapa natumia NAS ya Synology yenye DSM 7, yaani mfumo wake wa uendeshaji. Kwenye QNAP au TrueNAS menyu zina majina mengine, ila mpangilio wa kazi haubadiliki sana.

Hatua ya 1: Akaunti ya msimamizi

Ukisakinisha DSM 7 upya, akaunti inayoitwa admin huwa imeshazimwa. Iache hivyohivyo, maana ndilo jina la kwanza wavamizi wanalojaribu. Akaunti yako ya usimamizi ipe jina jingine na uiwekee uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha jifungulie akaunti nyingine ya kawaida kwa kazi za kila siku.

Hatua ya 2: Vikundi kabla ya watu

Fungua Control Panel, nenda User & Group, kisha Group. Unda vikundi kufuata kazi: uhasibu, mauzo, mafundi. Ruhusa za folda za pamoja vipe vikundi, usigawe kwa mtu mmojammoja. Mtu akihama idara, utamtoa kikundi kimoja na kumwingiza kingine, na ruhusa zake zote zitamfuata.

Sasa soma hapa polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Mtu akiwa katika vikundi viwili vyenye ruhusa zinazopingana, No Access (haruhusiwi kuingia) inashinda zote. Inafuata Read/Write (kusoma na kuandika), na Read Only (kusoma tu) ni ya mwisho. Kila akaunti imo katika kikundi cha users, hata ya msimamizi. Kwa hiyo ukikiwekea kikundi hicho No Access kwenye folda ya uhasibu, umewafungia mlango wahasibu wenyewe. Ukitaka kikundi kisifike kwenye folda fulani, acha visanduku vyote bila alama. Asiyepewa ruhusa haingii.

Hatua ya 3: Kuwasha folda binafsi

Ukiwa palepale User & Group, fungua Advanced, shuka hadi User Home, weka alama kwenye Enable user home service na uhifadhi. DSM itaunda folda ya homes, na ndani yake kila mtumiaji atapata folda yenye jina lake. Yeye mwenyewe ataiona kama home tu, kwa hiyo maelekezo utakayowapa watu ni yaleyale kwa wote.

Wenzake hawawezi kuifungua, lakini msimamizi anaweza. Waambie watu jambo hili waziwazi kabla hawajaanza kuweka vitu vyao. Mwenye faili ya siri kwelikweli aifunge kwa nenosiri kwenye kompyuta yake kwanza, ndipo aipandishe.

Hatua ya 4: Kufungua akaunti

Rudi kwenye User, bofya Create. Tumia herufi ndogo bila nafasi, kwani jina hilo ndilo litakalokuwa jina la folda. Mchagulie kikundi, ruka ukurasa wa ruhusa za folda (kikundi kimeshamaliza kazi hiyo), weka mgao wa nafasi, na umzuilie programu asizozihitaji. Usimwachie mtu mgao usio na kikomo: simu moja inayopandisha video inaweza kuijaza diski ya wote.

Hatua ya 5: Kujaribu

Usijaribu kwa akaunti ya msimamizi, haitakuonyesha kosa lolote. Kwenye Windows andika `\\jina-la-nas\home` katika Explorer; kwenye Mac, fungua Finder, bonyeza Command+K, andika `smb://jina-la-nas/home`. Weka faili, ifute, kisha jaribu kufungua folda usiyoruhusiwa.

Windows hairuhusu majina mawili ya watumiaji kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Ikikataa, fungua Command Prompt na uandike `net use * /delete`. Amri hii inakata diski zote za mtandao, kwa hiyo hifadhi kazi zilizo wazi kwanza. Ikiendelea kuingia kwa jina la zamani, lifute katika Credential Manager, sehemu ambapo Windows hutunza majina na manenosiri.

Hatua ya 6: Mtu anapoondoka

Usikimbilie kufuta akaunti. Izime siku hiyohiyo, kata miunganisho yake iliyobaki wazi kupitia Resource Monitor ya DSM, kisha hamishia faili za kazi kwenye folda ya kikundi. Anayezirithi azifungue na kuthibitisha kwamba zimekamilika, nakala rudufu ichukuliwe, ndipo ufute akaunti.