Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda kwa Daktari wa Meno Ukiwa na Hofu

Kabla ya kupanga siku ya kwenda, jiulize unaogopa kitu gani hasa. Yupo anayeogopa sindano, yupo asiyestahimili mlio wa mashine ya kuchonga jino, na yupo ambaye moyo humwenda mbio akiwa bado mlangoni, mara tu anapoinusa harufu ya chumba cha meno. Mimi nilikuwa wa harufu. Nikiwa darasa la tatu nilishikwa mikono na watu wazima wawili, nikang'olewa gego kabla ganzi haijakolea, na kwa miaka mingi harufu ile ilitosha kunirudisha nyumbani. Baadaye daktari mwingine alinifungulia kichupa kidogo na kunieleza kwamba ni mafuta ya karafuu, ambayo huchanganywa na unga wa zinki ili kuziba jino kwa muda: karafuu ile ile tunayoitia kwenye pilau. Hofu haikuisha siku hiyo, lakini nilikaa kitini.

Ukishaijua hofu yako, iseme mapema, kuanzia mapokezi hadi kwa daktari mwenyewe, wala usione haya, kwa kuwa daktari asiyejua kwamba unaogopa atafanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida. Mwombe akueleze kila hatua kabla ya kuifanya, na mkubaliane ishara ya kusimamisha kazi, kwani kinywa kikiwa wazi huwezi kusema. Kuinua mkono wa kushoto kunafaa, maana madaktari wengi hukaa upande wa kulia wa mgonjwa.

Kuhusu ganzi, ambayo mara nyingi ni dawa ya lignokaini, kuna mambo ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Ganzi huzuia maumivu, lakini haizuii kuhisi jino likisukumwa na kutikiswa, hivyo asiyelijua hilo hudhani kwamba dawa imeshindwa, akakaza mwili na kuumia kwa hofu tu. Aghalabu dawa hiyo huchanganywa na adrenalini, ambayo inaweza kuufanya moyo udunde kwa kasi kwa muda mfupi baada ya sindano. Ganzi huhitaji dakika kadhaa ili ikolee, na una haki ya kuomba daktari aijaribu kwanza kwa kugusa ufizi. Tena, penye usaha na uvimbe ganzi hukamata kwa shida, na hapo ndipo ninapowasihi wenzangu waoga: kadiri tunavyongoja hadi jino litunyime usingizi, ndivyo tunavyojipeleka kwenye maumivu yale yale tuliyokuwa tukiyakimbia. Nenda mapema, hata kama safari ya kwanza ni ya kukaguliwa tu.

Andika kwenye karatasi dawa unazotumia na maradhi uliyo nayo, hasa presha, kisukari, matatizo ya moyo na mzio wa dawa, na useme kama una ujauzito. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze daktari kabla ya siku ya kung'olewa jino. Wala usiweke aspirini juu ya ufizi unaouma, kwa kuwa huunguza nyama ya kinywa.

Chukua miadi ya asubuhi ili usishinde kutwa ukiiwaza, na ule chakula chako cha kawaida kabla ya kutoka, isipokuwa umeambiwa utapewa nusukaputi au dawa ya kukulaza, kwa maana njaa ikikutana na hofu huweza kumwangusha mtu. Ulizia gharama ya kuziba, ya kutibu mzizi na ya kung'oa, ili usifanye uamuzi ukiwa umelala kitini.

Mwisho, andaa nyumbani uji au chakula laini na ukiache kipoe, kwa sababu mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa saa mbili, tatu au zaidi, na katika muda huo ni rahisi kujiunguza au kujing'ata bila kuhisi. Kama anayetibiwa ni mtoto, awepo mtu wa kukaa naye, kwani watoto hupenda kuutafuna mdomo uliokufa ganzi hadi ukavimba.