Shela lisiungue: kupiga picha za harusi ya mchana Moshi

Dogo mmoja anayeanza kupiga picha za harusi hapa mjini aliniletea kadi ya kamera yake, picha zikiwa ndani: saa saba mchana, bibi harusi mbele ya migomba, sura inaonekana vizuri, shela limeungua, yaani mwanga umezidi limebaki weupe mtupu. Lesi yote imepotea. Tulikaa tukalipanga hivi.

1. Piga RAW, faili ghafi linalotunza kila kilichonaswa na kamera. JPEG, faili lililokwisha kubanwa, tuwaachie wa pasipoti.

2. Washa lile onyo linalofanya sehemu zilizoungua zipepese unapotazama picha. Ung'avu wa kioo usiuamini. Juani kila picha huonekana giza, nawe utazidi kuongeza mwanga.

3. Funga ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) kwenye 100. Hapa ndipo watu wanapopotezea siku. Kamera iko M (unapanga mwenyewe), tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/500 ya sekunde, shela linaungua. Unapandisha shata mpaka 1/1000, wapi! Bado. Mtu anaanza kulaumu lenzi, anaazima nyingine. Kumbe ISO iko Auto, kamera inaichagua yenyewe. Unachopunguza kwa shata, kamera inakirudisha kwa ISO, maana kipimo chake kinatafuta wastani wa kijivu, na migomba iliyokoza imejaa fremu nzima, basi inaona giza na kuongeza mwanga. Angalia pia: kwenye Nikon, ukichagua 100 huku Auto imewashwa, hiyo 100 inakuwa kiwango cha chini tu, kamera inaendelea kupanda. Izime kwenye menyu yenyewe. Wapo wanaoiacha Auto na kushusha fidia ya mwanga (kuiambia kamera ipunguze kuliko inavyopima) mpaka -1. Kwenye kamera nyingi inafanya kazi, ila bibi harusi akisogea kutoka kwenye migomba hadi kwenye ukuta mweupe, hesabu inavurugika. Mimi juani sitaki Auto kabisa.

4. Anza na f/8, 1/500. Ukitaka nyuma pafifie, f/4 na 1/2000, mwanga ni uleule. Tazama shela peke yake: likipepesa, pandisha shata kidogo kidogo mpaka liache. Uso utatoka na giza, mama mkwe atanung'unika akichungulia kioo. Mwache. Giza la RAW linainuliwa baadaye kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha. Weupe ulioungua hauna kitu ndani cha kuinua.

5. Flashi ya kawaida na f/2.8 juani, hapana. Shata itagota kwenye 1/200 au 1/250 na utarudi kulekule.

Wakitaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyuma yao, waambie mapema: alfajiri au jioni. Mchana mlima mara nyingi uko mawinguni.