Homa: jinsi inavyopanda na jinsi ya kuishusha bila kukosea

Nairobi neno "homa" limebebeshwa mizigo mingi. Mwenye mafua ya Julai husema ana homa, mwenye malaria kadhalika, hata aliyechoka tu baada ya kunyeshewa akisubiri matatu. Hapa tunamaanisha jambo moja: joto la mwili kufika nyuzi 38 au zaidi kwa sababu ubongo umeamua lipande.

Ndiyo, umeamua. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, nayo ndiyo hupanga mwili uwe na joto kiasi gani. Chembe nyeupe za damu zikikutana na virusi, bakteria au vimelea vya malaria hutoa kemikali, na kemikali hizo huufanya ubongo utengeneze prostaglandini. Prostaglandini hupandisha kiwango kilichopangwa, tuseme kutoka 37 hadi 39. Mwili ambao bado uko 37 sasa unajiona una baridi. Mishipa ya ngozi hubana, vidole hupoa, misuli hutetemeka ili itengeneze joto. Ndiyo maana mgonjwa huvuta blanketi huku paji la uso likichoma. Kiwango kikishuka, jasho hutoka. Paracetamol hupunguza hiyo prostaglandini basi. Haiui kimelea hata kimoja. Tena haimsaidii aliyezidiwa na jua, kwa kuwa ubongo wake haukupandisha kiwango chochote. Huyo amwagiwe maji, apepewe na akimbizwe hospitalini.

Hatua ya 1: Pima

Kiganja hukuambia kuna joto, hakikuambii ni kiasi gani. Tumia kipimajoto cha dijitali. Futa kwapa likauke, ncha iguse ngozi wala si nguo, kisha bana mkono hadi kilie. Kwapa husoma pungufu kwa karibu nyuzi 0.5, kwa hiyo 37.5 ya kwapani kwa mtoto mdogo tayari ni homa. Mtoto aliyetoka kuoga, au aliyekuwa mgongoni ndani ya leso na sweta mbili, apumzike nusu saa kwanza. Andika saa na kipimo.

Hatua ya 2: Tafuta alama za hatari kabla ya dawa

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa haanzishiwi dawa nyumbani. Anapelekwa hospitali hata kama ni saa nane usiku. Wengine wapelekwe mara moja wakiwa hawanyonyi wala kunywa, wanatapika kila kitu, wamelegea kiasi cha kutoamka vizuri, shingo imekakamaa, wamepata degedege, au wana vipele visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi. Hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kasi mno.

Hatua ya 3: Punguza nguo, ongeza maji

Vazi moja jepesi na shuka vinatosha. Akitetemeka mfunike kidogo, akianza kutoka jasho mfunue. Baridi ya Julai isikushawishi kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu itawawahi kabla ya homa. Maji baridi na spiriti havipakwi mwilini: ngozi hubana, kutetemeka huzidi, na joto hupanda badala ya kushuka.

Kila nyuzi moja ya homa huongeza kazi ya mwili kwa takribani sehemu moja ya kumi, na maji hupotea kwa jasho na pumzi. Mpe uji mwepesi, supu, maji, kidogo kidogo. Kama anaharisha, changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), lakini soma pakiti: zipo za nusu lita na za lita moja.

Hatua ya 4: Dawa kwa uzito, si kwa umri wala kwa kijiko cha chai

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Paracetamol kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Uzito upo kwenye kitabu cha kliniki. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180. Kama chupa imeandikwa 120 mg kwa 5 ml, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Kama ni 250 mg kwa 5 ml, mililita 2.5 hadi 3.5 zinatosha, ukimpa kipimo cha chupa ile ya kwanza, umemzidishia mara mbili. Dawa ya matone ni kali zaidi kwa kila mililita, nayo ina hesabu yake. Tikisa chupa, kwa sababu dawa hutuama chini, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Mtu mzima humeza miligramu 500 hadi 1,000 kwa wakati, isizidi gramu 4 kwa siku. Angalia pia dawa za mafua kutoka kemisti: nyingi zina paracetamol ndani, na ini ndilo hulipia ikirudiwa. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16. Ibuprofen iepukwe kwa anayeharisha au aliyepungukiwa maji, maana figo zake tayari zina shida.

Lengo ni mgonjwa anywe, alale, acheze. Mtoto mwenye 38.4 anayecheza hahitaji kusumbuliwa, wala aliyelala kuamshwa, ili apewe dawa.

Akipata degedege

Mlaze ubavu sakafuni, legeza nguo, tazama saa. Usitie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika 5, hiyo ni dharura. Ikiisha mapema, bado apelekwe akaangaliwe.

Hatua ya 5: Tafuta chanzo

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na malaria haienei sana hapa. Swali la kwanza basi ni safari: Kisumu, Busia, Kakamega, Pwani? Malaria huchukua angalau siku 7 tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo aliyefika Busia juzi na kuugua leo hakuipata kwenye safari hiyo. Pima kabla ya kumeza dawa. Aliyetibiwa wiki chache zilizopita apimwe kwa darubini, kwani kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria hata baada ya vimelea kwisha. Akipewa AL (dawa ya malaria, artemether-lumefantrine), ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Akiitapika ndani ya nusu saa, irudiwe.

Kuhusu taifodi, kipimo cha Widal kikifanywa mara moja hakithibitishi chochote. Maambukizi ya zamani au chanjo huweza kukifanya kisome chanya. Homa ikipita siku 3, omba kipimo cha kuotesha bakteria wa damu maabara (blood culture), na damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.