Kueleza Sababu kwa Kiingereza: Sikio la Kiswahili Linavyosaidia

Kijana mmoja anayefanya kazi ya ukarani katika duka la nyavu hapa Mwanza aliniletea barua ya kujieleza aliyoiandika kwa Kiingereza, akitaka niipitie kabla hajaikabidhi kwa mwajiri wake. Alikuwa amekwenda kwao Ukerewe mwishoni mwa wiki, na asubuhi ya Jumatatu boti ya kutoka Nansio ikachelewa kung'oa nanga kwa sababu ya upepo. Sentensi yake ya kwanza ilisomeka hivi: "I came late because of the boat was delayed." Mwajiri angemwelewa bila shaka. Hata hivyo, hiyo "of" iliyokaa mahali pasipo pake ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kuliko kosa jingine lolote katika maandishi ya wanafunzi wangu, na dawa yake imo katika Kiswahili chenyewe.

Nilimwomba anisomee sentensi hiyo kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kuirekebisha. Akasema, "Nilichelewa kwa sababu ya boti ilicheleweshwa," kisha akanyamaza, akachukua kalamu na kuikata "of" kwa mstari mmoja. Sikuwa nimemfundisha kanuni yoyote. Sisi sote tunasema "kwa sababu boti ilichelewa" au "kwa sababu ya boti", na hatuvichanganyi hata tukiwa na haraka. Kiingereza kinafuata mpaka uleule. Neno "because" ni kiunganishi, nalo hufuatwa na kishazi chenye kiima na kitenzi kilichoonyesha wakati: "because the wind was strong". Maneno "because of" hufanya kazi ya kihusishi, nayo hufuatwa na nomino au kirai nomino: "because of the strong wind". Basi kila unaposita, iseme sentensi yako kwa Kiswahili. Ukisikia "ya", andika "of", na usipoisikia, iache.

Mwongozo huu una mahali pamoja panapohitaji uangalifu. Kiswahili huweza kukifanya kitenzi kuwa jina kwa kukipa "ku-", kama katika "kwa sababu ya kuchelewa", na kwa kuwa mwanafunzi amezoea kwamba "ku-" ni "to", huandika "because of to be late". Baada ya kihusishi, Kiingereza hukipa kitenzi kiambishi tamati "-ing": "because of being late". Ndivyo ilivyo pia katika "asante kwa kunisaidia", ambayo ni "thank you for helping me", na mvuvi aliyetozwa faini kwa kutumia nyavu zenye matundu madogo "was fined for using small-mesh nets".

Kosa la pili kwa wingi linatokana na utajiri wa lugha yetu, si upungufu wake. Kwa Kiswahili ni sahihi kabisa kusema, "Kwa kuwa upepo ulikuwa mkali, basi boti haikuondoka," na hilo "basi" huipa sentensi uzito mzuri. Mwanafunzi anapolihamisha hupata "Because the wind was strong, so the boat did not leave", na Kiingereza sanifu hakikubali viunganishi viwili kwa kazi hiyo moja. Chagua kimoja: ama "Because the wind was strong, the boat did not leave", ama "The wind was strong, so the boat did not leave". Angalia pia mkato. Kishazi cha sababu kikitangulia, huwekwa mkato mwishoni mwake. Kikifuata nyuma, kwa kawaida mkato hauhitajiki. Katika maandishi rasmi usikikate kishazi hicho kwa nukta na kukiacha kisimame peke yake, kwa maana "Because the boat was delayed." ni tegemezi lisilo na pa kuegemea.

Kuna sababu ambayo msomaji haijui, na kuna sababu ambayo tayari anaijua na wewe unaitaja tu ili ujenge hoja juu yake. Kwa kutaja sababu ya aina hii ya pili, Kiingereza kina "since" na "as", ambayo hukaribiana sana na "kwa kuwa" na "kwa vile", na mara nyingi hutangulia mwanzoni mwa sentensi: "Since you live near Kirumba market, please buy the dagaa." Kwa hiyo mtu akikuuliza "Why?", usimjibu kwa kuanza na "since" wala "as", jibu kwa "because", maana sababu ndiyo habari anayoitaka. Tena "since" na "as" huweza kuashiria wakati. Msomaji wa "Since she went to Ukerewe, the shop has been closed" hatajua kama duka limefungwa tangu alipoondoka au kwa kuwa aliondoka. Penye utata wa namna hiyo, andika "because".

Jambo jingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka ni kupima ukubwa wa sababu. "Because" na "because of" hukubali kutanguliwa na "mainly" au "partly". "Since" na "as" hazikubali. Mwanafunzi wa baiolojia anayeandika kuhusu ziwa letu la Viktoria, kwa mfano juu ya furu, wale samaki wadogo, na sangara ("Nile perch"), atalihitaji sana, kwa kuwa mambo ya ziwani hayana sababu moja: "The number of furu fell partly because Nile perch were introduced in the 1950s and partly because of pollution." Tazama jinsi sentensi hiyo ilivyobeba kishazi upande mmoja na nomino upande wa pili.

Neno "for", linapotumika kama kiunganishi cha sababu, ni la maandishi rasmi na lina ukale kidogo. Mwenzake ni "maana" yetu. Hatuanzi sentensi kwa "Maana upepo ulikuwa mkali, boti haikuondoka", na "for" nayo hukaa nyuma daima, ikitanguliwa na mkato: "The boat did not leave, for the wind was strong."

Kwa "kutokana na" kuna "due to" na "owing to", zote mbili zikifuatwa na nomino. Watahini wenye msimamo wa zamani hupenda "due to" ije baada ya kitenzi "be", kama "The delay was due to strong winds", ingawa siku hizi matumizi mapana yamekubalika. Sababu iliyoleta heri hutajwa kwa "thanks to": "Thanks to the Kigongo–Busisi bridge, opened in 2025, drivers no longer queue for the ferry." Na badala ya "The reason is because", andika "The reason is that", kama tunavyosema "sababu ni kwamba".

Kuwa mwangalifu zaidi sentensi inapokuwa na ukanushi. "I did not leave Mwanza because life was expensive" ina maana mbili: kwamba ughali ulinifanya nibaki, au kwamba niliondoka, ila ughali haukuwa sababu. Ukikusudia maana ya kwanza, tanguliza sababu: "Because life was expensive, I did not leave Mwanza." Ukikusudia ya pili, sema waziwazi: "I left Mwanza, but not because life was expensive."

Barua ya yule kijana ilikuwa na kosa moja zaidi. Alitaka kusema "ndiyo maana sikufungua duka" akaandika "That is because I did not open the shop", na hapo akawa ameyageuza mambo, kwani "that is because" hutanguliza sababu, na "that is why" hutanguliza matokeo. Tulipomaliza, aya yake ilisomeka hivi: "I came late on Monday because the boat from Nansio was delayed. The delay was due to strong winds. That is why I did not open the shop at eight."