Jinsi ya kuomba MRI ya ubongo kwa mtoto mwenye GA1

Mwongozo huu ni wa mzazi aliye Tanzania ambaye mtoto wake ana asiduria ya glutariki aina ya 1 (kwa kifupi GA1), au anashukiwa kuwa nayo. Ni ugonjwa wa kurithi: mwili unashindwa kumeng'enya sawasawa baadhi ya sehemu za protini, hasa laisini. Kichwa kuwa kikubwa kupita umri, au misuli kujikaza na kujipinda yenyewe, ndiyo mara nyingi humfanya daktari atake picha ya MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku.

1. Rufaa. Fomu ya MRI huandikwa na daktari, si mzazi. Kama uko wilayani, chukua barua ya rufaa hapo kwanza. Beba kadi ya kliniki, majibu yote ya damu na mkojo, na picha za zamani kama zipo.

2. Malipo. Mwenye bima aulize dirisha la bima kama kibali kinatakiwa kabla ya kupangiwa tarehe. Usiye na uwezo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo na barua ya mtendaji, uombe msamaha. Fanya hivyo mapema.

3. Fomu yenyewe. Hapa ndipo pa kung'ang'ania. Mtoto mdogo hupewa dawa ya usingizi ili atulie ndani ya mashine, na kwa kawaida huambiwa afunge saa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama. Mtoto mwingine ataona njaa tu. Mwenye GA1 anaweza kupata shambulio linaloharibu ubongo kwa kudumu, hasa akiwa chini ya miaka 6. Kwa hiyo mwombe daktari aandike jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, aombe nafasi ya kwanza asubuhi, na aagize dripu ya glukosi ianze mara mtoto anapoacha kula hadi atakapokula tena. Daktari wa usingizi asome maagizo hayo kabla ya siku yenyewe. Ukijibiwa "mfungishe tu, mama, ni kawaida", usikubali. Omba kumwona daktari. Kichanga wa miezi michache wakati mwingine hupigwa picha akiwa ameshiba na kuviringishwa nguo, bila dawa. Uliza.

Siku ya picha mtoto akiamka na homa au akitapika, mpeleke dharura, si radiolojia. Tarehe itapangwa upya.

4. Majibu. Omba ripoti pamoja na CD. Ripoti ikitaja damu chini ya utando wa ubongo, hakikisha aliyeisoma anajua kuhusu GA1: ugonjwa huu unaweza kuileta bila mtoto kupigwa wala kuanguka, na wapo wazazi waliowahi kushukiwa bure.